Vipimo vya Mwalimu

Uzi ulikuwa umekatika. Fundi aliinama, pua nusura iguse kompyuta, akautazama tena: uzi wa kijivu, mwembamba, alioutega jana kwenye kifuniko ili ajue kama kuna mtu anafunua. Basi yupo.

Mnyororo ulioifunga kompyuta kwenye mguu wa meza haukuguswa. Kipande cha kitambaa alichobandika juu ya kamera nacho kilikuwa palepale. Si mwizi huyo. Ni wa humuhumu ndani.

Mle kwenye kompyuta alihifadhi vipimo vya wateja wake wote, na picha zao wakijaribu nguo. Vya mwalimu vilikuwemo. Mwalimu hakuwa na mume wala mchumba, na kiuno chake kilizidi kuongezeka kila alipokuja kupimwa. Hakusema kitu, fundi naye hakuuliza, aliachia mshono tu. Lakini habari ile ikifika mtaani, mwalimu atauficha wapi uso wake?

Jicho likamwendea shemeji yake, aliyekuwa akilala sebuleni karibu na meza ile. Tangu auone mnyororo, utani wake ulikuwa mmoja: kompyuta imefungwa kama mbuzi, ataikatia majani.

"Shemeji, umefungua mashine yangu?"

"Nifungue na nini? Neno la siri unalo wewe."

Alicheka. Fundi hakukipenda kicheko kile. Akaketi, akaanza kubadilisha neno la siri, kidole kimoja kikitafuta herufi, na kila herufi ikimtoka mdomoni kwanza, kama alivyozoeshwa kusoma darasa la kwanza.

Nyuma ya pazia la chumbani, mama mkwe wake akakohoa.

"Hilo refu mno, mwanangu. La jana lilikuwa jepesi."

Kidole cha fundi kiliganda hewani. Shemeji aliacha kucheka. Mama mkwe, ambaye mdomo wake mtaa mzima uliujua, akaeleza taratibu kwamba alitaka kujichagulia mshono tu. Fundi akamuuliza ameona nini kingine.

"Mishono mizuri," akajibu.

Mara hodi ikapigwa. Alikuwa mwalimu, amekuja kujaribu gauni. Mama mkwe akawahi kumvutia kiti, akakipangusa kwa kiganja, kisha akaingia chumbani na kutoka na mto wake wa kulalia. Akauegemeza kwenye kiti.

"Pumzisha mgongo, mwanangu."

Mwalimu hakuketi. Alisimama, mkoba ameukumbatia tumboni, akautazama ule mto, kisha akamtazama fundi.