Mgeni Asiyekula Samaki

Mirgazi alizikwa Jumanne, mto ukiwa umeanza kuganda kingoni. Daktari wa mjini aliandika kwamba ni moyo. Maftuha, mkewe, hakubisha, ingawa waliomwosha maiti waliiona damu iliyovilia chini ya ngozi yake.

Siku ya saba ilisomwa hitima. Maftuha alipika alichokipenda marehemu, mkate mkubwa uliojazwa samaki wa mtoni na vitunguu. Nazip naye alikuja, kwa gari la taasisi ya utafiti. Kila vuli, kwa miaka kumi na mmoja, alikuwa akifikia kwao, akienda na Mirgazi kutega nyavu, kisha akipima samaki na kutia mifupa yao kwenye mifuko. “Tunaangalia afya ya mto,” alikuwa akisema. Mirgazi alimwita ndugu. Akipata samaki mwenye uti uliopinda, au jicho jeupe kama chokaa, alimwekea.

Bibi Shamsikamar, jirani, alimsogezea Nazip sahani.

“Kula, mwanangu. Au watu wa taasisi mnashiba karatasi?”

“Tumbo, bibi. Leo limenikatalia.”

“Basi tumbo hilo linaumwa mwaka wa kumi na mmoja. Sijakuona hata siku moja ukigusa samaki.”

Watu walicheka kidogo, kicheko cha msibani. Maftuha hakucheka. Alizipitia vuli zote kichwani, moja baada ya nyingine. Mkate mtupu Nazip alikula. Asali alikula. Chai ya maji ya kisima alikunywa. Akiletewa samaki, tumbo. Akiletewa bata wa mtoni, tumbo.

Nazip alipotoka nje, alimfuata uani.

“Shemeji, ulikuwa unajua?”

Nazip alivaa glavu, akazivua tena.

“Kiwanda cha huko juu kilimwaga mtoni maji yenye sumu. Haionekani, haina harufu. Inakaa kwenye mifupa ya samaki, halafu kwenye mifupa ya anayemla. Nilitia sahihi kwamba sitasema. Ningefungwa, shemeji.”

“Na mume wangu? Ulikuwa unampima na yeye?”

“Alikuwa kwenye orodha.”

“Mimi je?”

“Wote wa nyumba hii.”

Ilsiyar, binti yake Maftuha, mwenye mimba ya miezi mitano, alikuwa ndani akila kipande cha pili. Maftuha aliingia na viatu vyake vya uani, akampokonya sahani mkononi.

“Chakula cha hitima hakinyang'anywi, Maftuha,” Bibi Shamsikamar alisema.

“Hiki kinanyang'anywa. Muulizeni mgeni sababu.”

Waligeukia mlangoni. Gari la Nazip lilikuwa limeshawashwa.

Ilsiyar alijifungua mwezi wa Machi, akahamia kwa wakwe zake, mbali na mto. Wengine walimwamini Maftuha, wengine walisema ni uchungu wa ujane. Vuli iliyofuata taasisi ilimtuma mtu mwingine. Kijijini watu bado wanavua.