Chatu wa Torsten

Alfajiri ukoo mzima uliketi kuuzunguka moto, ukinywa chai ya guayusa na kusimuliana ndoto, maana kwao ndoto mbaya huahirisha kazi. Siku hiyo kazi ilikuwa kubeba mchanga wa kuatamishia mayai ya kobe wa mtoni. Msichana Sami, golikipa wa kijiji, alikuwa na fainali mchana, kwa hiyo alikuwa amemfunza Torsten, Mjerumani aliyekuja kujitolea, la kusema.

“Bibi, nimeota chatu mchangani,” alisema Torsten kwa huzuni iliyopikwa ikaiva.

Bibi Carmelina akaweka kibuyu chini. “Basi leo mchanga hauguswi na mtu.”

Sami akainama kwa majonzi, akificha meno.

“Na huyo chatu alifanya nini, mwanangu?”

Hilo hawakulifanyia mazoezi, lakini Torsten alikwishanogewa. “Alimmeza Sami. Mzimamzima, na viatu vyake.”

“Basi Sami hatoki nje mpaka kesho.”

“Bibi, ndoto yenyewe ya mzungu.”

“Aliyemezwa ni wewe, mjukuu wangu. Kaa ndani.”

Mchana kijiji kizima kilikwenda mpirani. Sami, dirishani, alimwona Torsten akipita na glavu zake yeye Sami mkononi. Timu ilikosa golikipa, naye Torsten hakuwa na moyo wa kukataa.