Mashine Yenye Adabu

Kabla hakujapambazuka, Bibi alisikia kijiko kikigonga kikombe jikoni, ngli, ngli, bila kukoma. Akajua mjukuu wake hakulala.

"Povu, mwanangu, sukari haijayeyuka tu?"

Binti akacheka kidogo. Jina la Povu alibandikwa na majirani kwa kuosha magari yao. Wiki iliyopita aliazima mashine ya kung'arishia rangi, akauachia mlango wa gari la mkunga duara la ukungu. Mkunga hakugomba. Alisema tu, "Nitalirudisha Jumamosi. Ukishindwa, nitapeleka kwingine." Na mtaa mzima hupeleka magari anakopeleka mkunga. Jumamosi yenyewe ndiyo hiyo.

"Leo nanunua yenye nguvu kuliko zote," alisema Povu. "Ile ilikuwa dhaifu, ndiyo maana niliikandamiza sana mahali pamoja."

Bibi alikuwa amewapigia watu pasi miaka thelathini. Hakubisha. Alitafuta viatu vyake.

Dukani, muuzaji kijana alimpisha Bibi kwenye kiti chake, yeye akabaki wima. Bibi aliliona hilo. Kisha kijana akanyanyua mashine kubwa. "Hii ndiyo dume, Bibi! Gari zima, saa moja tu."

Pembeni palikuwa na boneti kuukuu ya kujaribia. "Iwashe, mume wangu," Bibi akamwambia. "Ishikilie hapo hapo, usiisogeze."

"Itaunguza!"

"Kumbe unajua."

Muuzaji akacheka, akawasha. Haukupita muda, harufu ya rangi ikawapanda puani. Duara la ukungu likabaki kwenye boneti, pacha wa lile la mlangoni. Povu akainama kulitazama.

"Sasa ile ndogo," Bibi akasema, akionyesha mashine nyingine rafuni.

Ile ndogo ilizunguka huku ikiyumbayumba. Bibi akaigusa boneti: vuguvugu tu. "Povu, ikandamize kwa nguvu zako zote." Povu akakandamiza. Sahani ya mashine ikaacha kuzunguka, ikabaki kutetemeka.

"Hii ina adabu," Bibi akasema. "Ukiionea, inagoma."

"Lakini ni ya polepole, Bibi."

"Kwani mkunga anafukuzwa?"

Wakaichukua. Muuzaji akawaongezea sifongo mbili, kimyakimya.

Nyumbani walikuta mkunga ameshaliacha gari. Povu aliupitia ule mlango taratibu, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mkono mwepesi kama wa mtu anayepiga pasi hariri. Ukungu ukapungua, ukawa kivuli, ukatoweka. Akaendelea hadi gari zima likang'aa.

Mkunga akarudi kulichukua. Aliinama mbele ya mlango, akajiona humo, akafunga upya kilemba chake.

"Mbona sikuambiwa nimenenepa hivi?"

Povu akarusha kitambaa juu, akapiga kigelegele mpaka jirani wa mbele akatoka. "Na langu je?" jirani akauliza. Nyuma yake akaja mwingine, funguo mkononi.

Mkunga aliingia garini, akateremsha kioo, akamshika Bibi mkono.

"Mama, tangu usiku ule nilipompokea huyu Povu, hujakanyaga kwangu. Njoo tena, tafadhali. Na safari hii usije mbio."