Bati la Akheri na Futi Mia Nane

Bweni lilinifunza kwamba mzaha ni kazi ya makini. Kwa hiyo Ijumaa moja ya likizo, mwaka wa hamsini na tatu, mimi na binamu yangu Eliasi tulilifunika bati la banda la kahawa la chama cha ushirika, huko Akheri mlimani, kwa majani makavu ya migomba, tukayafunga kwa kamba, kwa heshima zote.

Tulimlenga baba yangu, Mzee Aminieli, mpima hewa wa uwanja wa ndege wa Arusha. Kila asubuhi hutazama mlimani. Bati la Akheri likionekana, wingu limepita futi mia nane. Lisipoonekana, wingu liko chini ya hapo. Nilitamani kumwona akiandika wingu huku jua linawaka.

Jumamosi jua halikuwaka. Anga lilikuwa kijivu, na simu ya upepo ikaita kutoka Nairobi. Rubani wa ndege ya kuja Moshi haruhusiwi kuondoka bila uwanja wa akiba wa kutua, endapo Moshi itafungwa na ukungu. Je, Arusha ina futi mia nane, na maili mbili za kuona mbele?

Abiria mmojawapo alikuwa mama yangu, aliyetoka kupasuliwa macho huko Nairobi. Ndege nyingine ni Jumanne, na kipaimara cha dada Penina ni kesho.

Baba alikodoa macho. "Maili zipo. Bati halipo. Naandika mia sita."

"Bati lipo, Baba. Limevaa majani."

"Limevishwa na nani?"

"Mimi na Eliasi."

Alivua kofia, akaivaa tena. "Siandiki ninachoambiwa. Naandika ninachoona. Lete puto la kupimia wingu."

Lilibaki moja. Hupanda futi mia nne kwa dakika. Likikaa dakika mbili kabla ya kumezwa na wingu, mama anakuja. Baba aliliachia, mimi nikashika saa.

Sekunde tisini. Likawa doa. Mia na kumi.

"Bado lipo, Baba?"

"Hesabu, wewe."

Mia na ishirini. Mia na thelathini na tano.

"Limezama," alisema. "Mia tisa." Akaikimbilia simu, mzee mzima.

Saa nne ukungu uliifunga Moshi, ndege ikiwa tayari angani. Ikageukia kwetu. Ilipochomoza winguni niliruka kwa namna isiyomfaa kiranja.

Mama alishuka na miwani mipya.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nimeona kila kitu toka juu, Mungu asifiwe. Lakini banda la chama, siku hizi wanaliezeka migomba?"

"Fundi huyu hapa," alisema baba. "Anaezua leo, kabla ya chakula."