Feruzi ya Royce

Ardith aliutoa mtungi kwenye tanuri ukiwa bado na uvuguvugu, na hata hajautua mezani ukaanza: ting.

"Anasema," Ardith akanong'ona.

"Nani anasema, Mama? Hiyo ni sodiamu." Corinne alikuwa akifuta vumbi la udongo kitini kabla ya kukaa. Alilelewa katika karakana hii ya ufinyanzi kwenye milima ya Karolina ya Kaskazini, lakini tangu ahamie mjini hakai popote bila kufuta.

Na kweli ilikuwa sodiamu. Marehemu Royce, mumewe Ardith, alipenda feruzi, ile buluu yenye ukijani, kupita rangi zote, na feruzi ile haipatikani ila shaba ichanganywe na friti, ule unga wa kioo kilichoyeyushwa kikasagwa, tena yenye sodiamu tele. Ubaya wake, rangi hiyo ya kioo ikipoa husinyaa kuliko udongo iliopakwa, ikachanika nyufa nyembamba, na kila ufa hulia. Ardith aliyajua hayo tangu ujana wake. Ila safari hii alikuwa ametia ndani ya rangi kijiko cha majivu ya mwili wa mumewe uliochomwa. Majivu yaliyobaki yangetiwa mtungini na kuzikwa mchana huo nyuma ya kanisa. Hakutaka. Alitaka mtungi ukae jikoni, azeeke nao.

"Mchungaji anatungoja," Corinne alisema.

Ting.

"Umesikia? Hataki kwenda."

"Basi si umuulize, tumalize!"

Corinne alikuwa anatania. Ardith hakutania. Aliinama mpaka pua ikakaribia mdomo wa mtungi.

"Royce, mume wangu. Unataka kubaki na mimi?"

Kimya. Mtungi uliokuwa ukilia kila mara ulinyamaza kabisa. Walingoja mpaka shingo ya Ardith ikauma.

"Au unataka kwenda?"

Ting. Ting, ting, ting, kutoka shingoni hadi kitakoni. Corinne aliruka kitini, nywele zimemsisimka.

"Mama, tuuache. Nitampigia mchungaji. Ni nyufa tu hizo, wewe ndiye uliyenifundisha!"

Moyo wa Ardith uliyataka sana maneno hayo. Lakini asubuhi nzima alikuwa ameshikilia kwamba huyu ni Royce; hakuweza kumkana sasa eti kwa sababu jibu lilimuuma. Akavua aproni, machozi yakimtiririka waziwazi.

"Nishikie mfuniko, mwanangu," alisema. "Nitamtia mwenyewe."