Mashuka ya Siku ya Ufagio

Tangu baba azikwe, nyumba yetu haijabaki tupu hata kwa muda wa kunywa chai. Nikiwa nje mimi, mama yumo. Mama akiwa nje... lakini mama hatoki. Tunaishi kwa zamu kama askari wa ghala, na ghalani kwenyewe hamna kitu: vyumba vitatu ghorofa ya nne, dari linalomwaga chokaa kwenye mchuzi, na roshani inayotazama uchochoro. Ukinyoosha shingo sana kutoka roshani hiyo unaona kipande cha bahari kisichozidi leso.

Kodi tunayolipa ni ile aliyokubaliana babu na mwenye nyumba wa zamani, na leo haitoshi kununua sahani ya ful, yale maharage ya asubuhi. Kwa hiyo Basyuni, aliyerithi jengo, anataka tutoke. Anataka kulibomoa asimamishe mnara wa ghorofa kama ile iliyotuzibia upepo pande zote. Wapangaji wengine wametoka mmoja mmoja. Tumebaki sisi juu, na chini kabisa amebaki mama yake mwenyewe, Hajja Tahani, ambaye hatumhesabu, maana yeye ni upande wa adui.

Tuliambiwa kwamba Basyuni akileta mashahidi wa kuapa kuwa nyumba yetu imefungwa na haina mtu, hakimu atamrudishia. Mwanasheria mmoja alijaribu kumweleza mama kwamba kufunga mlango siku moja si kuhama nyumba. Mama akamtazama kwa huruma.

"Mwanangu, wewe una kwako," akamwambia. "Nenda kalale."

Basi kila asubuhi mama hufungua madirisha yote, aanike hata kama hakuna kilichofuliwa, kisha ateremshe kikapu kwa kamba hadi uchochoroni. Muuza mikate anatia mikate, mama anavuta. Basyuni hukaa mkahawani upande wa pili na shisha yake, anatazama kikapu kikipanda. Kikapu kikipanda, anajua tupo.

"Bado mpo, Bi Dawlat?" huuliza kwa sauti.

"Tupo, Basyuni. Wewe bado unavuta huo moshi? Utakufa kabla yangu."

"Mungu akuweke!"

"Ameshaniweka. Wewe ndiye unayetaka kuniondoa."

Watu wa mkahawani hucheka. Zamani nami nilicheka. Siku hizi nashona nguo za watu dukani Manshiya mchana kutwa, narudi kushika zamu, na vicheko vile vinanipita kama honi za magari.

Mimi nimesoma chuo, nikasomea historia ya mji huu huu, na sijui kama ilinifaa kitu. Kila aliyewahi kuja Iskandaria aliuita wake. Aliyeamuru ujengwe hakungoja kuona hata nyumba moja ikisimama. Alipita, akaenda vitani, akarudi akiwa maiti, na hata kaburi lake hakuna anayejua liko wapi. Mnara wa taa uliangushwa na matetemeko, mawe yake yakajengewa ngome. Nguzo iliyoshikilia ngazi yetu ni ya hekalu fulani, na aliyeisimamisha aliigeuza kichwa chini. Chini ya nguzo kuna birika la kale ambalo watu wa zamani walihifadhia maji ya Nili. Sasa linahifadhi vyura. Kabla ya babu, vyumba vyetu vilikuwa vya mshona nguo Mgiriki, Bi Efterpi. Alifunga sanduku moja, akasema atarudi majira ya joto yakiisha. Kioo chake bado kiko ukumbini. Mama hukifuta kila Ijumaa.

"Wenye mji ni waliobaki," mama husema akikifuta. "Wengine wote walikuwa wageni, hata kama walikuja na majeshi."

Mimi huona kwamba waliobaki ni wale tu waliokosa pa kwenda. Lakini simwambii.

Asubuhi ile simu ililia mama akiwa roshanini. Alikuwa binamu yangu aliye mji wa Rashidi. Khalati Ihsani, dada pekee wa mama, alikuwa amefariki alfajiri, na wangemzika baada ya sala ya adhuhuri.

Mama alikaa kwenye kiti cha jikoni. Hakulia. Alishika magoti yake kama mtu anayepima kama yatamfikisha.

"Nenda wewe," akasema. "Umwambie... umwambie nini sasa. Nenda tu."

"Mama, ni dada yako."

"Najua ni dada yangu. Nimemjua kabla yako."

"Basi nenda wewe, mimi nibaki."

"Ngazi hizi nitashukaje peke yangu? Na basi la Rashidi nitalipandaje? Utanitupa kwenye kikapu uniteremshe?"

"Kikapu kitakatika."

Hapo ndipo alipolia, kwa sababu nilimchekesha.

Hatukuwa na mtu mwingine. Kaka yangu Jaber yuko Kuwait na simu yake huita bila kujibiwa. Jirani wa mlango wa pili alihama zamani, na ufunguo wake uko mfukoni mwa Basyuni. Nikasema twende wote wawili. Tukiwahi, tutarudi kabla ya magharibi. Mama alitazama madirisha, akatazama mlango. Kisha akainuka na kwenda kwenye kabati.

Alitoa mashuka yote, masafi yaliyokunjwa, akayalowesha kwenye beseni na kuyaanika roshanini, meupe, kutoka mwisho hadi mwisho. Akaacha dirisha moja wazi na redio ikisoma Kurani.

"Nani atasema nyumba haina mtu?" akasema. "Ona. Nyumba ya watu wanaofua."

"Na Ufagio je?"

Dhoruba zetu za kipupwe zina majina na miadi, na mtoto wa Iskandaria huzijua kama anavyojua sikukuu. Ufagio huja Novemba kuyafagia majira ya joto. Mwaka ule miadi yake ilikuwa imeshapita na hata tone halikudondoka. Mbingu ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa.

"Ufagio umetusahau," mama akasema. "Hata dhoruba hazishiki ahadi siku hizi. Nipe mkono."

Tulishuka ngazi kama wezi. Mama alipumzika kila ghorofa, na chini alijishikiza kwenye ile nguzo ya hekalu. Mlango wa Hajja Tahani ulikuwa umefungwa. Tulitokea nyuma, kwa muuza samaki, Basyuni asituone.

Tulifika Rashidi khalati akiwa ameshaoshwa. Mama aliinama akambusu kipaji cha uso, akamwambia jambo sikioni ambalo sikulisikia na sikutaka kulisikia. Ndipo nilipojua kwamba walikuwa hawajaonana tangu matanga ya baba, Ihsani alipokuja akitembea kwa fimbo. Miaka yote hiyo, mwendo wa saa moja na kidogo kati yao. Mmoja mgonjwa, mwingine mlinzi.

Tulikuwa tumekaa na wanawake wa msiba, kahawa chungu mikononi, mbingu ilipogeuka. Mlango ulijibamiza. Mtu akasema, "Huo Ufagio, umechelewa lakini umefika." Mama aliweka kikombe chini.

"Mashuka," akasema.

Hakuhitaji kueleza. Mji wetu hauna mwanamke, hata aliye mgonjwa, hata mwenye kulea mapacha, atakayeacha nguo kwenye kamba Ufagio unapopiga. Tone la kwanza likidondoka, uchochoro mzima hulia madirisha na vibanio. Kila roshani ina mikono. Mashuka yanayolowa siku ile hayasemi kwamba watu wanafua. Yanasema kwamba hakuna mtu. Mama alikuwa ameandika kwa kitambaa cheupe, upana wa roshani nzima, jambo lile lile tulilokuwa tukilificha tangu baba azikwe. Na Basyuni kazi yake ni kutazama juu.

Njia nzima ya kurudi mvua ilipiga vioo vya basi. Mimi nilikuwa nikifikiria tutahamia wapi, na katika kufikiri huko niligundua, kwa aibu, kwamba nilisikia wepesi fulani. Kwamba mtu mwingine ashike zamu. Kwamba nilale.

Uchochoro ulikuwa umejaa maji hadi vifundoni. Nilitazama juu. Kamba ilikuwa tupu. Dirisha lilikuwa limefungwa.

"Ameshaingia," mama akasema.

Basyuni alikuwa mlangoni mwa mkahawa, amelowa kama paka aliyetolewa birikani. Alituona. Nilingoja kicheko. Badala yake akapiga kelele, "Mlikuwa wapi nyie?"

"Tulikuwa tunazika," nikasema.

"Nani?" akauliza.

"Ihsani," mama akasema.

"Yule wa Rashidi? Aliyekuwa akituletea tende?" Akajifuta uso. "Mungu amrehemu." Kisha hasira ikamrudia. "Nilikuwa nimeshawapata mashahidi, unajua? Wawili! Wameketi hapa hapa, wanatazama juu pamoja nami. Nilikuwa namtafuta wa tatu. Sasa yule mama yangu akaanza kupiga kelele dirishani. Basyuni! Mashuka! Basyuni, mashuka ya watu! Mtaa mzima unasikia. Nikamwambia, mama, yaache, hayo ndiyo ushahidi wangu. Akasema, nitashuka mwenyewe barabarani na nguo ya kulalia. Unamjua. Angeshuka."

"Ukafanya nini?" nikauliza.

"Nifanye nini? Nimepanda, nimefungua mlango wa jirani, nimening'inia roshanini kwa upondo nikayavuta moja moja. Nusura nianguke! Nikafunga na dirisha lenu, kwa sababu amesema redio italowa. Nashuka, mashahidi wanacheka. Wanasema, watashuhudia nini sasa, kwamba wewe ndiye dobi wa Bi Dawlat?"

Sikujua nicheke au nilie, nikawa nimechoka mno kwa yote mawili.

Mlango wa Hajja Tahani ulifunguka. Mwanamke mfupi, mnene, nywele zenye hina, na mashuka yetu yametandazwa kwenye viti vyake vyote, mbele ya jiko la mkaa.

"Ingieni, mnalowesha ngazi," akasema. "Bi Dawlat, pole sana. Pole, mwenzangu. Kaa."

Mama hakukaa. Tangu baba azikwe hawa wawili walisalimiana kwa kichwa tu.

"Kwa nini?" mama akauliza.

"Kwa nini nini?"

"Unajua ninachouliza. Mwanao alikuwa ameshanipata."

Hajja Tahani aligeuza shuka moja upande wa pili. Alitazama mlango kuona kama Basyuni hasikii, na sauti yake ikashuka.

"Shoga, wewe unadhani ukitoka mimi nabaki? Siku utakayotoka wewe, kesho yake nyundo zinaingia. Ananipeleka Ajami nikakae na mke wake. Umewahi kula chakula cha mke wake? Anapika samaki bila bizari! Na mlango wa pale ni wa umeme, unafungwa kwa kidude, sijui kukifungua. Nitakaa mle kama kuku." Akashika kiuno. "Nimezaliwa uchochoro huu. Siwezi kugombana na mwanangu mbele za watu, ni mwanangu. Lakini kila asubuhi nasikia kikapu chako kikigonga ukuta kinapopita dirishani kwangu, nasema alhamdulillahi, leo bado."

Mama alikaa.

Alikaa kwenye kiti chenye shuka, juu ya shuka lenyewe, na nikaona mabega yake yakishuka kama kamba iliyolegezwa.

"Nimechoka, Tahani," akasema.

"Najua."

"Sikumwona dada yangu. Nilikuwa hapo juu nalinda chokaa."

"Najua. Basi mbona hukuniambia? Ningepanda nikakaa. Mimi hapa nina kazi gani?"

"Wewe ni mama yake."

"Ndiyo. Kwa hiyo atamleta shahidi gani wa kuapa kwamba mama yake si mtu?"

Mama akashika ncha ya shuka la kiti cha pili, akampa Hajja Tahani ncha nyingine waligeuze. Nje, Ufagio uliendelea kufagia.

Mvua ilipokatika, siku ya pili yake, Hajja Tahani alipanda ngazi akipumzika kila ghorofa na kuwatukana waliozijenga. Akaingia, akakagua dari, akasema la kwake ni zuri zaidi. Mama alivaa viatu. Nilimshika mkono, tukashuka kwa mlango wa mbele, tukapita mbele ya Basyuni na shisha yake. Alisimama nusu, akatazama juu kwa mazoea.

Kikapu kilikuwa kinateremka.

"Basyuni!" ilikuwa sauti ya mama yake kutoka roshani yetu. "Tia mikate! Na usinitilie ile ya jana!"

Basyuni aliketi. Akaweka shisha chini. Akainuka tena, akaenda kwa muuza mikate, akarudi, akatia mikate mmoja mmoja kama mtu anayelipa faini, na kikapu kikapanda.

Bahari iko mitaa miwili kutoka kwetu. Mama aliketi kwenye ukuta wa pwani, maji bado yakiwa machafu kwa dhoruba, ngome upande wa kushoto, mawe ya taa iliyoanguka yakiwa ndani ya kuta zake. Aliitazama, akavuta shali yake.

"Ni ile ile," akasema. "Twende, magoti yananiuma. Na yule mwanamke atakuwa ameshahamisha sufuria zangu."