Mkono wa Baba Mkwe

Mouzaoir alipofika Vouvouni, siku ya tatu ya mashindano, hakuwa na mtu mbele yake. Nyuma alimsikia mmoja tu, na kwa mlio wa mnyororo uliokauka mafuta alijua ni Mouridi wa Ikoni. Wengine wote walikuwa wameachwa huko kusini, huyu kapasuka tairi, yule kapasuka goti.

Njia yenyewe haikuwa njia. Wale askari wa Kizungu wa kukodiwa, walioingia nchini mwaka sabini na nane na tangu hapo wakawa wao ndio wenye kauli, walikuwa wamechoka kukaa bure kambini. Mwaka wa themanini na tatu mkubwa wao mmoja akachukua ramani na kalamu nyekundu, akazungusha mstari kisiwa kizima cha Ngazidja, juu ya vijia vya mbuzi na mawe meusi yaliyotapikwa na mlima. Akasema baiskeli zipite hapo siku tatu, na wa kwanza kufika Moroni atapewa pikipiki. Kalamu haina magoti, ipande mlima gani ishindwe. Lakini watu walijiandikisha, maana pikipiki ni pikipiki.

Mouzaoir hakuwa na haja ya pikipiki. Alikuwa fundi baiskeli, mtu wa Mutsamudu, kisiwa kingine, aliyefuata kazi Moroni akaoa huko huko, na alichokitaka ni ndugu yake. Houssen, mdogo wake wa tumbo moja, alikuwa karani wa forodha bandarini Mutsamudu, na kosa lake lilikuwa kuuliza sanduku la Wazungu lina nini ndani. Swali la kazi, basi. Walimleta Moroni mikono imefungwa, wakamtia kambini, na huu ulikuwa mwezi wa tano. Karani wa kambi, mwenyeji kama mimi na wewe, ndiye aliyemnong'oneza Mouzaoir.

"Nani atakumbuka mfungwa mmoja? Niletee hiyo pikipiki, nami nitamtoa kwa mlango wa jikoni siku hiyo hiyo. Ila usichelewe. Kifua chake si kizuri."

Kwa hiyo alipanda. Kutoka Vouvouni kijia kilikuwa kokoto tupu, na baiskeli aliyoiunda mwenyewe kwa vipande vya baiskeli nne ililalamika kila spoku. Ngozi ya viganja ilikuwa imebaki kwenye usukani tangu jana. Breki ya nyuma alikuwa ameifunga kwa ukambaa wa nazi, na kila mteremko alishuka nao kwa kusoma kila sura aliyoijua. Hata hivyo moyo wake ulikuwa mweupe. Mouridi alikuwa nyuma kwa muda wa kusoma Fatiha tatu, na mbele ilibaki Ikoni, kisha Moroni.

Ikoni ndipo alipokuwa na jambo lake. Mkewe Ramlati alikuwa wa mji huo, na babake Ramlati, mzee Boina, alikuwa mtu aliyefunga harusi kubwa, ile ya kuchinja ng'ombe na kulisha mji mzima, ambayo bila hiyo mwanamume wa Ngazidja huzeeka akiitwa mtoto. Mouzaoir alimwoa Ramlati kwa harusi ndogo, kwa kahawa na mashahidi wawili. Miaka minane Boina hakupata kumwitikia salamu mbele za watu. Nyumba ya Ramlati, ambayo kila binti hujengewa na wazazi wake, alikuwa ameifunga kufuli, ndiyo maana binti yake alikuwa akipanga chumba Moroni.

Mstari wa kalamu nyekundu ulipita katikati ya bangwe la Ikoni, uwanja wenye mabaraza ya mawe wanapokaa wenye harusi kubwa. Na bangweni hapapiti mtu akiwa juu ya kitu. Ukiwa na baiskeli unashuka, unaikokota, unasalimu, unatoka upande wa pili ndipo unapanda. Wazungu hupita na jipi lao, lakini Wazungu hawakulelewa. Mwenyeji akifanya hivyo hutengwa, yeye na nyumba ya mkewe, hata akifiwa hapati wa kumchimbia kaburi. Mouzaoir alilijua hilo na hakuona hasara. Atashuka, na Mouridi naye, mtoto wa mji, atashuka.

Akashuka. "Kwezi," aliwaamkia wazee kwa heshima ya kisiwa chao, akiwa ameinamisha kichwa, na akaanza kukokota.

Mzee Boina akainuka. Alikuwa na mharuma wake begani, shali ya wenye harusi kubwa, akashuka barazani taratibu hadi mbele ya gurudumu, na akanyoosha mkono.

Usimcheke Mouzaoir. Miaka minane alikuwa amengoja mkono huo mahali hapo hapo, wazee wakiona. Aliiegemeza baiskeli kiunoni akaupokea kwa mikono yake miwili yenye damu, na macho yakamwuma kwa furaha. Na mkono wa mkubwa, popote visiwani, huuachi wewe. Yeye ndiye hukuachia.

"Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, baba."

"Mama yako Mutsamudu hajambo?"

"Hajambo, baba, anakusalimu."

"Na wajomba zako? Na jirani zenu wale wa Mirontsy?"

Mouzaoir aliitikia mmoja mmoja. Mlio wa mnyororo mkavu ukaingia uwanjani. Akageuza shingo akitazamia Mouridi ashuke. Mouridi hakushuka. Alipita katikati ya bangwe yuko juu ya kiti, kichwa chini, miguu ikikanyaga, na hakuna mzee aliyemkemea. Mmoja alivuta bakora yake asiikanyage.

Mouzaoir aliuvuta mkono kidogo. Kiganja cha Boina kikakaza.

"Na Houssen," aliuliza yule mzee, "kuna habari zake?"

"Baba, nakuomba."

Ndipo Boina alipomwachia. "Leo ni ruhusa kupita juu," alisema kwa sauti ya upole. "Tuliafikiana hapa msikitini Ijumaa. Hukuambiwa?"

Angeambiwa na nani? Ijumaa yeye huswali Moroni. Alipanda baiskeli na ndipo akakumbuka kwamba Mouridi ni mtoto wa dada yake Boina, na Ngazidja mtoto wa dada ndiye mrithi wa mjomba. Mkwe ni mpita njia. Alikanyaga mpaka akahisi ladha ya chuma kinywani, na mgongo wa Mouridi ukawa unasogea, unasogea, mpaka Moroni, lakini mstari wa chokaa ulikuwa karibu mno. Walipishana kwa urefu wa kanzu. Mouridi alikalishwa kwenye pikipiki akapigiwa makofi, na Mouzaoir akapewa saa ya ukutani.

Aliipeleka saa ile kambini, mlango wa jikoni. Karani aliitazama na kusema saa anayo.

Alikwenda kumwomba Mouridi. Mouridi hakumtazama usoni; alisema pikipiki si yake tena, ni ya mjomba, na mjomba ameshaitenga kwa harusi kubwa ya mpwa wake. Nyumbani Ramlati alikuwa amekaa chini, mtandio kinywani.

"Baba alijua," alisema. "Mimi ndiye niliyemwambia ya Houssen na pikipiki. Nilikwenda kumwomba dua. Akainua mikono, akaomba, nikaitikia amin."

Houssen alikufa siku ya kumi na saba baada ya mashindano. Maiti hawakuitoa. Walitoa kofia yake, na Mouzaoir akaivusha mpaka Mutsamudu, akamkabidhi mama yake ndani ya vichochoro vile vya mawe, naye akaishika kama mtu anayeshika sahani ya moto.

Siku ya tatu ya matanga, baraza ya nyumba yao ikiwa imejaa majirani, Boina alitokea. Alikuwa amepanda meli kutoka Moroni, mharuma begani, kama ada inavyomtaka baba mkwe. Watu walimpisha. Akasimama mbele ya Mouzaoir na kunyoosha mkono.

Mouzaoir aliupokea kwa mikono miwili.

"Hujambo, baba?"

"Sijambo, mwanangu. Poleni."

"Nyumbani Ikoni hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na dada yako hajambo? Na wazee wa bangweni?"

"Hawajambo wote." Boina aliuvuta mkono kidogo. Mouzaoir alikaza, na viganja vyake vilikuwa bado na makovu ya usukani. Waliokaa karibu wakaacha kusoma.

"Na Mouridi hajambo?"

"Hajambo."

"Na pikipiki, haijambo?"

Boina aliuvuta mkono tena. Mouzaoir alisubiri jibu, na mkono hakuuachia.